Baba anahitaji figo, mdogo wangu yuko tayari kumpa, tumepungukiwa 14,160,000. Naombeni mnisome hadi mwisho

Mleta mada

Habari za muda huu wakuu. Uzi ni mrefu, naomba radhi mapema. Nyuzi za kuomba msaada wa matibabu nimezisoma humu miaka mingi, na nyingi nilizipita kwa sababu mtu aliandika mistari mitatu, akabandika picha ya mgonjwa na namba ya simu, basi. Leo yamenifika mimi. Nitaeleza yote, hata yale ambayo nyumbani wangependa yabaki ya ndani.

Baba yangu ana miaka 58. Ni fundi cherehani, kibaraza chake kiko Ngamiani, Tanga. Kanzu, suruali za shule, mashuka ya harusi, yote yamepita mikononi mwake kwa zaidi ya miaka thelathini. Kuinama huko kulimpa mgongo mbovu, na kila ukimkaza alipita duka la dawa akanunua diklofenaki, au akachomwa sindano kwenye zahanati moja ya jirani. Presha nayo alikuwa nayo. Alipewa vidonge, akameza mwezi mmoja, akaacha kwa kuwa hakujisikia kuumwa. Hakuna aliyemkalisha chini akamwambia kwamba presha isiyotibiwa, ukiijumlisha na dawa za maumivu za kila siku, inazimaliza figo taratibu, na kwamba figo hazina kelele zinapokufa.

Mwaka jana mwezi wa saba akaanza kuamka uso umevimba. Jioni viatu haviingii. Chakula kikawa kinamtia kichefuchefu. Wiki tatu nzima tulitibu taifodi, kisha UTI, kisha taifodi tena. Alipokuja kupimwa kreatini ilikuwa 1,140. Daktari akatuandikia kwenye karatasi kwamba mwanaume mzima kwa kawaida hazidi 110 hivi. Wiki ile ile akawekwa mpira shingoni, akaanza kusafishwa damu.

Tangu hapo nimemhamishia kwangu Mbagala. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa tunaondoka alfajiri, analala kwenye mashine kwa muda wa saa nne, anarudi hoi kama mtu aliyelima ekari. Jumanne anakuwa baba yetu tena, anapiga stori, anauliza mpira. Alhamisi hivyo hivyo. Jumamosi na Jumapili ndizo ngumu, kwa sababu kati ya Ijumaa na Jumatatu maji yanajaa mwilini na usiku inabidi alale ameegemea mito.

Maji anaruhusiwa lita moja kwa siku, chai na mchuzi vikiwemo. Mama anampimia kwenye chupa mbili za nusu lita, asubuhi anaziweka mezani na baba anaziangalia siku nzima. Joto la Dar likizidi anamumunya kipande cha barafu polepole badala ya kunywa. Mtu wa Tanga haruhusiwi dafu, sababu ya madini ya potasi ambayo figo zake haziwezi kuyatoa na yakizidi yanasimamisha moyo. Ndizi za kupika na viazi vinachemshwa, maji yanamwagwa, vinachemshwa upya. Mkono wa kushoto amefanyiwa upasuaji wa kuunganisha mishipa ili mashine iwe inachukulia damu hapo. Ukiweka kidole unasikia mtetemo. Baba anasema ni mota ya cherehani imewekwa chini ya ngozi.

Sasa kwa nini tunataka kupandikiza wakati mashine ipo? Hesabu ndiyo iliyotusukuma kwanza, nasema ukweli. Baba hana bima. Kila mzunguko tunalipa 200,000. Mara tatu kwa wiki ni 600,000. Kwa mwaka ni 31,200,000, bila nauli, bila sindano za kuongeza damu. Hospitali ilipotupigia makisio ya upandikizaji, vipimo vya watu wawili, upasuaji wa wawili, wodi na dawa za mwanzo, ikaja 34,500,000. Yaani ni hela ya mwaka mmoja na mwezi hivi wa mashine. Tofauti ni kwamba mashine mwakani inaanza kuhesabu upya.

Zipo dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, atazimeza kila siku kwa saa ile ile mpaka mwisho wa maisha yake. Hilo tunalijua na tumelipigia hesabu, nitalieleza mkitaka.

Huduma hii ipo hapahapa nchini. Muhimbili walipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017 wakisaidiana na madaktari kutoka India, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata 2018 kwa ushirikiano na Wajapani. Hospitali anayotibiwa baba sitaitaja humu kwa sababu mtoaji figo hataki watu wasiomjua wafike wodini kumwangalia.

Mtoaji ni mdogo wangu wa kike, miaka 31, ana watoto wawili, anapika vitumbua Tanga. Nilianza kupimwa mimi maana ndiye mkubwa. Baba ni kundi O, na mwenye O anapokea figo ya O. Mimi ni O. Nilishaanza kujiandaa kisaikolojia. Wakanipima presha mara tatu siku tatu tofauti, ikatoka 160 kwa 100, na mkojo ukaonyesha protini. Daktari akaniambia, "Wewe hutoi figo, wewe unaanza dawa leo." Nilikaa kwenye benchi la nje nikalia, siwafichi. Mdogo wetu wa kiume ana kundi A kama mama, naye akatoka. Akabaki huyu wa kike. Hatukumwambia. Alipopata habari alipanda basi la usiku, asubuhi akabisha hodi Mbagala na beseni lake la vitumbua.

Tulichokusanya mpaka leo: kiwanja cha baba kimeuzwa 9,000,000. Mkopo wangu wa SACCOS kazini 6,000,000. Mdogo wetu wa kiume katoa 2,500,000. Kikoba cha mama 1,200,000. Msikitini na majirani 1,640,000. Jumla 20,340,000. Cherehani hatukuuza. Ilipata mteja, mama akakataa, akasema siku cherehani itakapotoka nyumbani baba atajua tumeshamzika.

Tumepungukiwa 14,160,000. Ndizo ninazoomba.

Sitaki hela iingie kwenye simu yangu. Hospitali imetoa kontroli namba ya bili ya baba inayokubali kulipwa kidogo kidogo. Unalipa kwa simu au benki, hela inaingia serikalini moja kwa moja, risiti inakuja na jina la hospitali. Namba nimemkabidhi msimamizi wa jukwaa pamoja na barua ya daktari na ya serikali ya mtaa. Siiweki wazi kwa sababu mwezi uliopita mtu alichukua picha ya baba kutoka kundi letu la ukoo la WhatsApp, akaweka namba yake, na shangazi yetu mwenyewe akatuma elfu hamsini kwa tapeli.

Kijana wa Mbalizi

Mkuu pole. Nitakuwa mkali kidogo, usinichukie. Humu tumeshalizwa sana. Mwaka juzi tulimchangia mama mmoja wa saratani, kumbe picha ni ya mtu wa nchi nyingine. Nimeomba namba kwa msimamizi, nimelipa elfu tano ya kujaribu kabla sijasema lolote. Risiti imekuja na jina la hospitali. Sasa nauliza: hela ikizidi inakuwaje? Na Mungu apishie mbali, mzee akitangulia kabla ya upasuaji?

Mleta mada

Sikuchukii, ningekuwa wewe ningeuliza hayo hayo. Bili ikitimia namba inafungwa, haipokei tena. Likitokea hilo la pili, tumekubaliana na mama kwamba kilichobaki baada ya gharama kiende kwa mgonjwa mwingine wa kitengo hicho hicho kupitia ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Kijana wa miaka 22 anayelala mashine ya pembeni ya baba amepunguza kutoka mara tatu kwenda mara moja kwa wiki kwa kukosa hela. Kila Ijumaa baba anaangalia kile kitanda kwanza kabla ya kukaa.

Mkazi wa Likoni

Poleni sana ndugu yangu, Mola awape subira. Mimi ni wa Mombasa, huku kwetu michango ya hospitali ndiyo mikutano yetu ya kila wiki, tumeifanya hata macho yamechoka. Nikwambie nilichokiona. Ukimwambia mtu milioni kumi na nne, atakuonea huruma na ataondoka, maana anajua hana milioni kumi na nne. Mwambie unatafuta watu 1,416 wa elfu kumi kumi. Hapo kila mmoja anajua yeye ni nani katika hiyo hesabu. Na mweka hazina asiwe wa damu yenu. Kila usiku atoe hesabu, hata kama siku hiyo imeingia mia tano. Kikundi kikinyamaza siku tatu, watu wanaanza kusema.

Mleta mada

Ahsante sana mkuu. Nimeshamwomba jirani yetu, mwalimu mstaafu, awe mweka hazina. Ataandika hesabu hapa kila siku baada ya isha.

Nesi Zamu ya Usiku

Mleta mada pole, na mpe pole mama na zile chupa zake mbili. Nimefanya kazi kwenye kitengo cha kusafisha damu miaka kadhaa. Nina jambo moja naona limesahaulika. Baba akipungukiwa damu, msikubali aongezewe chupa kabla ya kuongea na daktari wake wa figo, isipokuwa ni dharura ya uhai. Damu ya watu wengine inaufundisha mwili wake kutengeneza kinga dhidi ya tishu za kigeni, na kinga hiyo hiyo inaweza kuigeukia figo ya binti yake. Niliwahi kumwona mgonjwa aliyekuwa na mtoaji mzuri kabisa, krosimachi (kipimo cha kuona kama damu ya mgonjwa inapigana na seli za mtoaji) ikaja kuharibika baada ya kuongezewa damu mara tatu kwenye hospitali ya karibu na kwao. Mlilie zile sindano za kuongeza damu, eritropoietini, na madini ya chuma, hata kama zina bei.

Halafu huyu dada. Bajeti yenu inamhesabu kama kiungo, samahani kwa kusema hivyo. Atalala wodini siku nne tano, ila wiki sita hatakiwi kubeba ndoo wala sufuria zito. Anapika vitumbua. Nani atalipa kodi yake? Nani atawaogesha watoto? Amesharidhika kuzaa? Akitaka kuzaa tena inawezekana, lakini atashauriwa asubiri kama mwaka, na kliniki wamwangalie kwa karibu maana hatari ya presha ya ujauzito, ile inayoweza kuleta kifafa cha mimba, inaongezeka kiasi. Na kila mwaka apimwe presha na mkojo, maisha yake yote.

Mleta mada

Dada nesi, nimesoma ujumbe wako mara nne. Hilo la damu hatukulijua. Wiki mbili zilizopita nusura tukubali chupa moja kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko sindano. Nimempigia daktari saa hiyo hiyo, amesema umesema kweli tupu.

Na la mdogo wangu umetushika pabaya, umetushika panapostahili. Jana tulikaa kikao. Mdogo wetu wa kiume atamlipia kodi na ada ya watoto miezi mitatu. Mama mkwe wake mwenyewe, ambaye mwanzo alikuwa mkali kuliko wote, amesema wajukuu waende kwake. Kuhusu kuzaa, alijibu mbele ya mumewe kwamba wawili wanamtosha, na shemeji akasema, "Ndiyo tulivyokubaliana."

Mzee wa Kirumba

Mwanangu, usione nakukatisha tamaa. Mimi ni mtu mzima, ningekuwa baba yako nisingekubali. Mzazi anatangulia, mtoto anabaki. Kumkata binti wa miaka 31 ili baba wa miaka 58 aongeze siku, je, mmemsikiliza mzee mwenyewe?

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. Tumemsikiliza, na nitakueleza alivyosema.

Alikataa. Miezi miwili alikataa. Mara ya kwanza tulipomtajia alinyanyuka mezani akaacha chakula, akasema, "Mimi nilimpa mwanangu figo mbili. Sirudi kumdai." Kila tukilirudia anageuza mazungumzo. Baadaye akaanza kusema anapenda mashine, ameshaizoea, ana marafiki kule. Mama ndiye aliyegundua kwamba alikuwa anaongea na kijana wa pembeni yake jinsi mtu anavyoweza kupunguza siku za mashine kidogo kidogo bila familia kujua. Alitaka kutupunguzia gharama kwa namna hiyo.

Mdogo wangu hakubishana naye. Alikwenda hospitali peke yake akaomba kuanza vipimo. Kule kuna hatua ambayo mtoaji anahojiwa bila ndugu yeyote chumbani. Wanamwuliza kama kuna aliyemlazimisha, kama kuna hela ameahidiwa, na wanamwambia anaweza kughairi saa yoyote, hata akiwa mlangoni pa chumba cha upasuaji, na familia itaambiwa tu kwamba kiafya hafai, hakuna atakayejua ni yeye aliyekataa. Alikuja kunihadithia hilo akicheka na machozi, akasema, "Kaka, wamenipa mlango wa kutokea, nimeuangalia, nimeufunga mwenyewe."

Akamwomba baba waende wote kliniki, basi tu. Daktari akamchorea baba kwenye karatasi: figo ya mtu mzima mwenye afya ina akiba, moja ikitolewa iliyobaki inatanuka na kubeba sehemu kubwa ya kazi. Akamwambia pia kwamba zake za zamani hazitolewi, zitabaki zilipo, na hiyo mpya itawekwa mbele, chini ya tumbo upande wa kulia, karibu na nyonga. Baba akauliza swali moja tu: "Binti yangu akija kuumwa hiyo moja iliyobaki?" Daktari hakumdanganya. Akasema hatari ipo, ni ndogo, ndiyo maana wanampima miezi na wakiona dosari moja wanamkataa kama walivyonikataa mimi.

Tuliuliza na upande wa dini. Sheikh wetu alituambia kwamba jopo la wanazuoni wa fikihi lililokutana Jeddah mwaka 1988 lilikubali mtu aliye hai kutoa kiungo kumwokoa mwingine, mradi asijitie yeye kwenye madhara makubwa, atoe kwa hiari, na kiungo kisiuzwe. Baba alisikiliza, akanyamaza. Siku tatu baadaye akamwambia mama, "Mwambie akapime tena presha yake, isije ikawa imepanda kwa mawazo." Hapo tukajua amekubali.

Mzee wa Kirumba

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa. Mfikishie salamu zangu. Nimelipa elfu hamsini, risiti ninayo.

Mama Wawili

Poleni. Kuna ndugu yangu alipelekwa India, alirudi mzima. Kwa nini msijaribu kule, wana uzoefu wa miaka mingi?

Mleta mada

Dada, tuliwaza. Kwa ini pengine tusingekuwa na njia nyingine. Kwa figo tumeona tunaweza kubaki. Kule kuna viza ya matibabu ya mgonjwa na wasindikizaji, nauli, pango la wiki nyingi, chakula. Na sheria yao ya viungo ya mwaka 1994 inataka mgonjwa na mtoaji wageni wapite mbele ya kamati ya idhini, na ubalozi uthibitishe undugu wao. Ni sheria nzuri, inawalinda maskini wasinunuliwe figo. Ila kwetu sisi, kikubwa ni baada ya upasuaji. Miezi ya mwanzo baba atatakiwa kliniki mara kwa mara kupima kiwango cha takrolimasi, moja ya zile dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, kwenye damu. Ikiwa ndogo mwili unaikataa figo, ikizidi inaiumiza figo hiyo hiyo. Nataka daktari aliyemkata awe ndiye anayemwona Jumatatu ijayo.

Mleta mada: mrejesho, siku ya 6

Kwa hesabu ya mweka hazina, imeingia 8,915,000. Zimebaki 5,245,000. Sina la kusema. Kuna mtu kalipa 1,500. Nimeiangalia hiyo 1,500 muda mrefu.

Naomba niseme jambo jingine. Jana usiku kuna mtu alinitumia ujumbe wa faragha, anasema ana kijana mwenye kundi O, "mzima kabisa, wa kijijini", kwa bei atakayonitajia nikimpigia, na mambo ya karatasi za undugu atashughulikia yeye. Nimempa msimamizi ujumbe huo wote. Ndugu yangu, kama bado unasoma: baba yangu alikataa figo ya mwanawe wa kumzaa kwa miezi miwili kwa kuogopa kumwumiza. Unadhani ataweza kuishi na figo ya mtoto wa maskini mwenzake aliyedanganywa? Huyo kijana akishakatwa, kliniki yake ya kila mwaka nani atamlipia? Usirudi kwangu.

Nesi Zamu ya Usiku

Umefanya vyema. Hao wapo, na wanawinda benchi za nje za vitengo vyetu. Mmekwenda ustawi wa jamii? Usijione huna haki kwa kuwa una ajira. Mgonjwa ni baba, kipato kinachoangaliwa ni cha kwake na hali ya familia. Nenda na barua ya mtaa, hati ya mauzo ya kiwanja na karatasi ya mkopo. Nenda asubuhi.

Mleta mada: mrejesho, siku ya 23

Wakuu, nilikaa kimya wiki moja, mweka hazina pekee ndiye aliyekuwa akiandika. Baba alipata homa, mpira wa shingoni uliingiwa na bakteria kabla ya mishipa ya mkono kukomaa vizuri. Alilazwa siku tisa. Usiku wa pili alikuwa anaweweseka, anaita wateja wa zamani kwa majina, anawaambia nguo zao ziko tayari. Alhamdulillah dawa za mshipa zimefanya kazi, mpira umetolewa, sasa anatumia mkono.

Ustawi wa jamii walituita mara mbili, wakahoji kila kitu, wametupunguzia 2,000,000 kwenye bili. Dada nesi, bila wewe nisingekwenda. Michango imeongezeka 2,125,000. Zimebaki 1,120,000, na hospitali imekubali kupanga tarehe. Krosimachi ya wiki iliyopita imetoka safi. Itarudiwa siku chache kabla ya upasuaji, ikitoka hivyo hivyo wanaingia Jumanne ya wiki ya tatu kuanzia leo, mdogo wangu kwanza, baba anafuata chumba cha jirani.

Ile 1,120,000 bado naiomba. Atakayeweza elfu kumi, elfu mbili, namba ni ile ile kwa msimamizi.

Mama alikwenda Tanga Jumamosi kuchukua nguo za hospitali, amerudi na cherehani kwenye buti ya basi. Jana, siku ya Jumanne, siku yake ya kuwa mzima, baba alivuta kiti, akamwita mdogo wangu asimame mbele yake, akatoa futi ya kupimia mfukoni. Alimpima kifua, akampima urefu, kiunoni akairuka. Anamshonea madera mawili mapana yasiyo na lastiki, ya kuvaa akitoka wodini, kitambaa kisije kugusa kidonda. Mkono wa kushoto hauna nguvu bado, anasukuma kitambaa kwa ule wa kulia. Alishona upindo mmoja, akapumzika, akaomba kipande cha barafu, akaendelea.